Nini kinalipasua Bonde la Ufa? Kupima hoja za modeli za kompyuta

Mwezi Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ardhi ilifunguka karibu na Mai Mahiu nchini Kenya. Korongo refu liliikata barabara ya kwenda Narok, likapita mashambani na kuwahamisha watu kutoka nyumba zao. Picha zake zilizagaa duniani kwa siku chache, na habari zilizoandamana nazo zilibeba ujumbe mmoja: Afrika inagawanyika. Wanajiolojia nao walitofautiana hadharani. Wapo walioona kazi ya nguvu zilizo chini ya Bonde la Ufa. Wengine walisema ni maji ya mvua yaliyozoa majivu laini ya volkano yaliyokuwa yamejaa ndani ya ufa wa zamani. Msomaji wa kawaida aliachwa njia panda.

Mkanganyiko huo haujaisha. Picha zilezile hurudi mitandaoni kila baada ya muda, safari hii zikiwa na ramani za rangi na dai kwamba kompyuta imethibitisha lini Afrika Mashariki itakuwa kisiwa. Mara inatajwa miaka milioni 50, mara milioni 10, mara chini ya hapo. Wakati huohuo wanasayansi wanaotumia kompyuta hizo wanabishana kuhusu jambo la msingi zaidi: ni nguvu gani hasa inayolivuta bara hili? Baadhi wanasema ni mwamba moto unaopanda kutoka chini kabisa ya mantili, tabaka nene lililo chini ya ganda la dunia. Kundi la pili linasema ni uzito wa nyanda za juu zenyewe. La tatu linasema siri imo katika miamba, yaani mahali ilipo dhaifu na mahali magma (mwamba ulioyeyuka) inapopenya.

Uchambuzi huu unapanga hoja hizo, unapima nguvu na upungufu wa kila moja, na unaeleza modeli hizi zinaweza kutuambia nini na haziwezi nini. Jambo hili linawahusu mamilioni ya watu wanaoishi juu ya Bonde la Ufa, kuanzia Ethiopia hadi Msumbiji, na wana haki ya kuelezwa kwa usahihi.

Modeli inajengwaje

Shimo refu kuliko yote yaliyochimbwa kwa ajili ya utafiti, lile la Kola nchini Urusi, liliishia mita 12,262. Kutoka uso wa dunia hadi kitovu chake ni takriban kilomita 6,371. Karibu kila tunachokijua kuhusu ndani ya dunia hii, kwa hiyo, kimepatikana kwa njia za mzunguko: mwendo wa mawimbi ya matetemeko, joto linalotoka ardhini, tofauti ndogo za nguvu ya uvutano, miamba iliyotapikwa na volkano, na mwendo wa ardhi unaopimwa kwa setilaiti. Kazi ya modeli ni kuviunganisha vipimo hivi na sheria za fizikia, kisha kuuliza ni maelezo gani yanayokubaliana navyo vyote kwa pamoja.

Sheria zenyewe hazina utata. Maada haipotei, nishati haipotei, na nguvu zinazokikabili kila kipande cha mwamba lazima zilingane. Mantili, tabaka lenye unene wa karibu kilomita 2,900 kati ya ganda la dunia na kiini, ni mwamba mgumu, lakini katika muda wa maelfu na mamilioni ya miaka hutiririka. Mwaka 1935 N. A. Haskell alitumia jinsi ardhi ya Skandinavia inavyoinuka baada ya barafu ya kale kuyeyuka ili kukadiria mnato wa mantili. Alipata namba 1 ikifuatwa na sifuri 21 kwa kipimo cha paskali-sekunde, na kadirio hilo bado linaheshimiwa kama wastani.

Ugumu unaanza pale milinganyo inapotakiwa kukokotolewa. Hakuna anayeweza kuikokotoa kwa eneo zima kwa mkono, kwa hiyo eneo hukatwa vipande vidogo na kompyuta hukokotoa joto, shinikizo na mwendo wa kila kipande, hatua kwa hatua. Chukua Afrika Mashariki yenye urefu wa kilomita 2,000, upana wa kilomita 1,500 na kina cha kilomita 400. Ukiikata katika vipande vya kilomita 5 kila upande unapata vipande milioni 9.6. Ukitaka vipande vya kilomita 1, vinafika bilioni 1.2, na kwa kuwa hatua za muda nazo kwa kawaida hulazimika kuwa fupi mara tano, kazi ya kompyuta inaongezeka mara 625. Hata baada ya gharama hiyo, ufa halisi wenye upana wa mita chache bado ni mdogo mno kuonekana katika kipande cha kilomita 1. Ndani ya modeli huchorwa kama ukanda mpana wa mwamba dhaifu.

Tatizo la pili ni tabia ya mwamba. Karibu na nyuzi 1,300 za Selsiasi, joto likipungua kwa nyuzi 100 tu, mnato wa mwamba wa mantili unaweza kuongezeka takriban mara kumi. Joto hilo haliwezi kupimwa moja kwa moja. Hukisiwa kutokana na kasi ya mawimbi ya matetemeko, ambayo hubadilishwa pia na aina ya mwamba na kiasi cha mwamba ulioyeyuka. Kosa dogo katika makisio ya joto, basi, linazaa kosa kubwa katika nguvu za mwamba, na kosa hilo linaweza kubadili jibu zima.

Historia ina onyo la wazi kuhusu hatari hii. Mwaka 1862 William Thomson, aliyekuja kujulikana kama Lord Kelvin, alikokotoa umri wa dunia kwa kudhani kwamba ilianza ikiwa na joto kali, kisha ikapoa kwa joto kupenya polepole katika mwamba usiotembea. Alipata kati ya miaka milioni 20 na milioni 400. Mwaka 1895 John Perry, aliyewahi kuwa msaidizi wake, alionyesha kwamba ikiwa joto husafiri kwa urahisi zaidi ndani ya dunia kuliko karibu na uso, umri huo unaweza kupanda hadi mabilioni ya miaka. Leo tunajua ni takriban miaka bilioni 4.5. Hesabu za Kelvin hazikuwa na kasoro. Dhana aliyoanza nayo ndiyo iliyompotosha. Swali la Perry ndilo la kuulizwa mbele ya kila modeli: umedhani nini kabla ya kuanza kukokotoa?

Fumbo lenyewe

Mabamba mengi ya dunia, yaani vipande vikubwa vya tabaka lake gumu la juu, huvutwa na kingo zake zenyewe, pale zinapozama ndani ya mantili. Bamba la Afrika halina bahati hiyo. Karibu pande zake zote limezungukwa na safu za milima ya chini ya Atlantiki na Bahari ya Hindi, ambako sakafu mpya ya bahari huzaliwa na kulisukuma bara kwa ndani. Kuzama kwake kunatokea kaskazini tu, chini ya Mediterania. Kwa mantiki ya kawaida, bara hili lingetakiwa kubanwa. Upande wake wa mashariki, hata hivyo, unatanuka.

Vipimo vya GPS vimethibitisha mtanuko huo bila shaka. Mwaka 2014 Elifuraha Saria wa Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, na wenzake walichapisha hesabu ya mwendo wa mabamba katika eneo zima. Bamba la Nubia upande wa magharibi na la Somalia upande wa mashariki yanaachana kwa takriban milimita 6 kwa mwaka huko Ethiopia, na kasi hiyo inapungua kadiri unavyokwenda kusini. Kati yake yapo mabamba madogo. Mojawapo ni Victoria, ambalo limebeba ziwa la jina hilo na linazunguka kinyume cha saa.

Kwa hiyo, modeli yoyote inayodai kueleza Bonde la Ufa inapaswa kufaulu majaribio manne. Kwanza, ilete kasi na mwelekeo sahihi wa mtanuko. Pili, ieleze matawi mawili yasiyofanana: la mashariki, lenye volkano nyingi kupitia Ethiopia, Kenya na kaskazini mwa Tanzania, na la magharibi, lenye volkano chache lakini lenye maziwa marefu na matetemeko ya kina kirefu, kuanzia Ziwa Albert kupitia Tanganyika hadi Nyasa. Tatu, ieleze mzunguko wa bamba la Victoria. Nne, ieleze kwa nini mawimbi ya matetemeko chini ya sehemu kubwa ya bonde hukimbia haraka zaidi yakifuata urefu wa bonde, dalili kwamba mwamba wa chini umenyooshwa kuelekea upande huo.

Hoja ya kwanza: nguvu inatoka chini

Wazo kwamba mantili inayozunguka ndiyo inayosukuma mabara lina umri wa karibu karne moja. Mmoja wa waliolitetea mapema ni Arthur Holmes, mwanajiolojia Mwingereza ambaye mwaka 1911 alikuwa Msumbiji akitafuta madini. Kwa Afrika, wazo hilo lilipata nguvu mpya katika miaka ya 1990. Andrew Nyblade na Scott Robinson walionyesha mwaka 1994 kwamba mashariki na kusini mwa bara, pamoja na sehemu ya sakafu ya Atlantiki ya kusini, vimeinuka kupita kawaida. Baadaye picha zilizotengenezwa kwa mawimbi ya matetemeko zilifichua eneo kubwa la mwamba wenye mawimbi ya polepole, linaloanzia karibu na kiini chini ya kusini mwa Afrika na kuinama kuelekea kaskazini-mashariki.

Modeli iliyoipa hoja hii nguvu kubwa ni ya Alexander Koptev na wenzake ya mwaka 2015. Waliweka nguzo moja ya mwamba moto inayopanda chini ya kratoni ya Tanzania, kile kipande cha kale na kinene cha bara chenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Mwamba moto ulipogonga kitako hicho kigumu ulipinda, na sehemu kubwa ikaelekea mashariki. Juu ya ardhi yakatokea matawi mawili: la mashariki lenye magma nyingi na la magharibi lenye magma kidogo. Mwaka 2023 Tahiry Rajaonarison na wenzake waliongeza jambo jingine. Modeli yao ilionyesha kwamba mantili inayotiririka kuelekea kaskazini kutoka kwenye nguzo kuu ya Afrika, yaani lile eneo kubwa la mawimbi ya polepole, inaweza kueleza mpangilio wa mawimbi unaofuata bonde, pamoja na mwendo wa ardhi unaokwenda sambamba na bonde badala ya kulikata.

Nguvu ya hoja hii ni upana wake. Inaeleza mwinuko, joto, volkano, tofauti ya matawi na mwelekeo wa mawimbi. Upungufu wake uko kwenye mshiko kati ya mantili na bamba lililo juu yake. Mantili inaweza kutiririka bila kuliburuta bamba ikiwa kati yake kuna tabaka laini. Katika modeli ya Koptev, nguzo ya joto peke yake haikuachwa ifanye kazi yote. Kingo za eneo zilivutwa pia taratibu kwa nje. Tena, mantili inayokwenda kaskazini haitoshi kueleza kwa nini bonde linafunguka mashariki kwa magharibi.

Hoja ya pili: uzito wa nyanda za juu

Hoja ya pili inatazama juu badala ya chini. Sehemu kubwa ya Afrika Mashariki iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Nyanda za juu zina uzito unaotaka kuteremka, na kwa kuwa mwamba hutiririka katika muda mrefu, nyanda hizo hutandaa kwa nje zenyewe, kama bonge la unga laini uliokandwa na kuachwa juu ya meza. Nguvu hiyo inakabiliana na msukumo wa safu za chini ya bahari, na pale inapoushinda, bara linatanuka.

Mwaka 2015 Sarah Stamps, Giampiero Iaffaldano na Eric Calais waliipima hoja hii kwa modeli ya dunia nzima inayounganisha mantili na mabamba. Jibu lililolingana vizuri zaidi na vipimo vya GPS ni lile ambalo uzito wa nyanda za juu unasukuma, huku nyufa dhaifu na msuguano wa mantili vikizuia. Katika jibu hilo mantili inayotawanyika ilikuwa na mchango mdogo. Modeli ya pande tatu ya Rajaonarison, Stamps na John Naliboff ya mwaka 2021 iliunga mkono wazo kwamba nguvu za uzito ndani ya tabaka la juu ndizo zinazoongoza mtanuko wa mashariki kwa magharibi.

Hoja hii ina sifa inayothaminiwa sana katika sayansi: inahitaji dhana chache. Mwinuko wa ardhi unajulikana kwa usahihi wa mita, na unene wa ganda unapimwa kwa mawimbi ya matetemeko. Inafaulu vizuri jaribio la kwanza. Lakini inaanza hadithi katikati, kwa kuwa haisemi ni nani aliyeziinua nyanda hizo. Kusini mwa Afrika nako kuna uwanda mpana ulio juu zaidi ya mita 1,000, ila hakuna bonde la ufa la ukubwa kama wa Kenya au Ethiopia. Mwinuko peke yake, basi, hautoshi. Jaribio la nne nalo linabaki bila jibu.

Hoja ya tatu: mwamba dhaifu na magma

Kundi la tatu linasema kwamba kabla ya kuuliza nguvu inatoka wapi tuulize inakutana na nini. Kratoni ya Tanzania haikupasuka. Nyufa zimepita kando yake, zikifuata mikanda ya miamba iliyokunjwa na kuvunjwa zamani za kale. Mwaka 2020 Anne Glerum, Sascha Brune, Stamps na Manfred Strecker walitengeneza modeli iliyopanga maeneo magumu na dhaifu kama yalivyo ardhini, kisha ikavutwa kutoka pembeni. Bamba la Victoria lilizunguka lenyewe kinyume cha saa, kama vipimo vinavyoonyesha, na haikulazimu kuweka nguzo ya joto kuligeuza.

Jirani ya hoja hii ni ile ya magma, iliyofafanuliwa na Roger Buck kwa hesabu za mwaka 2004. Kuvunja bara nene na baridi kunahitaji nguvu kubwa kuliko inayopatikana katika hali ya kawaida. Magma ikipanda na kupenya kama ukuta uliosimama, bara linaweza kufunguka kwa nguvu ndogo zaidi. Ushahidi ulionekana Dabbahu, katika eneo la Afar nchini Ethiopia, mwezi Septemba 2005: magma ilipenya kwa urefu wa takriban kilomita 60 na ardhi ikaachana hadi mita 8 katika muda wa siku na wiki. Kaskazini mwa Tanzania, Julai na Agosti 2007, mfululizo wa matetemeko ulitikisa eneo la Ziwa Natron na Mlima Gelai, na kubwa lake lilikuwa la kipimo cha 5.9. Setilaiti zilionyesha kwamba magma ilikuwa imepenya chini ya Gelai. Mwezi Septemba volkano jirani ya Oldoinyo Lengai ikaanza kulipuka kwa nguvu.

Hoja hii inaeleza vizuri kuliko nyingine mahali nyufa zilipo na sababu ya Victoria kuzunguka. Upungufu wake ni kwamba mvuto wenyewe unawekwa na mwanamodeli, kwa hiyo hauwezi kuwa matokeo. Tawi la magharibi pia linaitia majaribuni hoja ya magma: volkano zake ni chache, kama Virunga na Rungwe, na bado limechimba beseni la Ziwa Tanganyika lenye kina cha karibu mita 1,470. Tena si tawi changa. Ushahidi wa miamba ya Rukwa unaonyesha kwamba ufa ulikuwepo huko yapata miaka milioni 25 iliyopita.

Kuzipima hoja kwa pamoja

Zikiwekwa pamoja, hoja hizi tatu zinagongana kidogo kuliko inavyosikika katika mijadala, kwa sababu kila moja inajibu swali lake. Ya kwanza inajibu joto na mwinuko vimetoka wapi. Ya pili inajibu nani anavuta leo, mashariki kwa magharibi. Ya tatu inajibu bara limekubali kuvunjika wapi, na kwa namna gani.

Mgongano wa kweli uko kati ya hoja ya kwanza na ya pili, nao unahusu kiasi cha kila mchango. Sehemu ya mwinuko wa Afrika Mashariki inategemezwa na mantili yenye joto inayosukuma kutoka chini. Sehemu nyingine inatokana na unene na wepesi wa tabaka la juu lenyewe. Yule anayeuhesabu uzito wa nyanda za juu kama nguvu ya pekee anaweza kuwa anahesabu kazi ya nguzo ya joto chini ya jina jingine. Naye anayempa mwamba moto sifa yote anasahau kwamba njia yake kuu ya kulivuta bara huenda ni kuliinua kwanza, kisha kuuacha uzito ufanye kazi. Kupima ni kiasi gani cha mwinuko ni cha aina ipi kungesaidia zaidi kuliko kuongeza vipande kwenye gridi.

Kwa ushahidi uliopo, maelezo yenye uzito zaidi ni haya: mantili yenye joto imeinua eneo, imelilainisha kwa chini na imeleta magma, uzito wa nyanda zilizoinuliwa unavuta mashariki kwa magharibi, mikanda ya kale imeamua njia ya nyufa, na pale magma inapopenya kazi inakuwa nyepesi. Mwendo unaofuata urefu wa bonde ndiyo alama iliyo wazi zaidi ya mantili inayoburuta moja kwa moja. Inatia moyo kwamba watafiti walewale, Stamps na Rajaonarison, wamo katika kazi zinazounga mkono uzito na katika ile inayoonyesha mtiririko. Wamefuata vipimo kila vilipowapeleka.

Mahali modeli zinapokoma

Turudi kwenye korongo la 2018. Hata kwa kasi ya Ethiopia ya milimita 6 kwa mwaka, mwanya wa mita 10 unahitaji zaidi ya miaka 1,600 kujikusanya. Mvutano uliojikusanya unaweza kufunguka ghafla, kama Dabbahu ilivyoonyesha, lakini tukio la aina hiyo huja na matetemeko mengi yanayonaswa na vipimo. Huko Mai Mahiu mfululizo wa namna hiyo haukuonekana. Maelezo ya maji kuzoa udongo laini ndiyo yenye uzito zaidi, ingawa ufa wa zamani unaweza kuwa ndio ulioyapa njia. Modeli za mantili hazikuwa na la kusema kuhusu tukio lile, na aliyezitaja kama ushahidi alizibebesha mzigo usio wao.

Kadhalika na tarehe za kugawanyika. Milimita 6 kwa mwaka ni kilomita 6 kwa miaka milioni moja na kilomita 60 kwa miaka milioni 10. Hesabu hiyo ni sahihi endapo kasi haitabadilika, na hilo ndilo jambo ambalo haliwezi kuahidiwa. Kasi inaweza kupanda bara likidhoofika, au ikazimika kabisa. Dunia ina mabonde mengi ya ufa yaliyoanza na kukoma kabla ya kuzaa bahari.

Usalama wa watu nao unahitaji modeli za aina nyingine. Volkano ya Nyiragongo, mashariki mwa Kongo, ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, dalili za kuaminika zilionekana muda mfupi mno kabla ya lava kutoka. Siku zilizofuata, magma ilisafiri chini ya ardhi kuelekea Goma na Ziwa Kivu, na tarehe 27 Mei wakazi wa sehemu za mji waliamriwa kuondoka. Yaliyosaidia kuifuatilia magma ile ni matetemeko yaliyorekodiwa, picha za rada za setilaiti na modeli za haraka zinazokadiria iko wapi na ina ujazo gani. Hizo hufanya kazi kwa saa na siku. Modeli ya mantili, ambayo hatua yake moja ya muda inaweza kuwa maelfu ya miaka, haiwezi kumwambia mkazi wa Goma alale au ahame.

Gharama na uchaguzi

Kila modeli ni mapatano kati ya mambo yanayovutana. Ukiijaza kila kitu, magma, maji, mmomonyoko, madini na nyufa, inakaribia kufanana na dunia halisi, lakini ikileta jibu huwezi kujua ni kipi kilicholileta. Ukiirahisisha, unaielewa, lakini pengine umeondoa kile kilichokuwa muhimu. Vivyo hivyo, modeli yenye vigezo vingi vya kurekebisha inaweza kulazimishwa kulingana na vipimo vyovyote, na kulingana kwa namna hiyo hakuthibitishi kitu. Modeli inastahili kuaminiwa inapotabiri kipimo ambacho haikutengenezwa kwacho. Ile iliyorekebishwa kwa GPS ikapata pia mwelekeo wa mawimbi ina uzito kuliko iliyorekebishwa kwa vyote viwili.

Kwa nchi za Afrika Mashariki uchaguzi ni wa vitendo zaidi. Programu kama ASPECT, iliyotumika katika kazi kadhaa kati ya zilizotajwa, hutolewa bure na mtu yeyote anaweza kuisoma na kuibadilisha. Kompyuta kubwa ni ghali, lakini zinaweza kutumika kwa ushirikiano. Kisichoweza kuazimwa ni vipimo vya ardhi yenyewe. Kituo cha GPS kinahitaji miaka mingi ya kurekodi bila kukatika ili kitofautishe mwendo wa milimita moja na makosa ya kipimo. Kipima tetemeko kinahitaji umeme, ulinzi, mawasiliano na fundi wa kukirekebisha. Eneo kubwa la tawi la magharibi na kusini mwa Tanzania bado lina vituo vichache, na ndiko lilikotokea tetemeko la Rukwa la mwaka 1910, lenye kipimo cha takriban 7.4, mojawapo ya makubwa kabisa yaliyorekodiwa barani.

Faida ya kuwekeza haiishii kwenye volkano na matetemeko. Kuelewa jinsi ganda lilivyotanuka na joto lilivyopanda ndiko kunakoongoza utafutaji wa mvuke wa ardhini kama wa Olkaria, mafuta ya Ziwa Albert na Turkana, na heli ya Rukwa. Nchi isiyo na wataalamu wake wa kuzisoma modeli hizo itapokea majibu ya wengine bila uwezo wa kuuliza swali la Perry.

Muhtasari

Afrika Mashariki inatanuka kweli, polepole sana, na hakuna mwanasayansi makini anayelipinga hilo. Korongo la Mai Mahiu halikuwa kipimo cha mtanuko huo. Ubishi uliobaki unahusu mchango wa kila nguvu: mantili yenye joto, uzito wa nyanda za juu, na udhaifu wa miamba pamoja na magma. Ushahidi wa sasa unaelekea kwenye ushirikiano ambao uzito ndio unaovuta leo, joto la mantili ndilo lililoandaa mazingira, na miamba ya kale ndiyo inayoamua njia.

Modeli za kompyuta zimetufikisha hapo kwa sababu zinaruhusu kuondoa sababu moja na kuona kama Bonde la Ufa linatokea bila yake. Hiyo ndiyo kazi yake halali. Hazitoi tarehe za bara kugawanyika wala siku ya mlipuko, na anayezinukuu kwa hayo anapotosha. Msomaji anayekutana na dai jipya aulize mambo matatu: modeli imedhani nini, imelinganishwa na kipimo gani ambacho haikurekebishwa nacho, na inazungumzia saa au mamilioni ya miaka. Serikali na vyuo vyetu, kwa upande wake, vina la kwanza la kufanya: kujaza mapengo ya vituo vya vipimo kutoka Albert hadi Nyasa na kuwafundisha vijana wa kuzisoma takwimu zake. Bila vipimo hivyo, hata kompyuta kubwa kuliko zote itabaki kuchagua kati ya makisio.